Siku ya Kumfurahisha Mtoto

Mtaani walimwita Mama Pindo, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, na katika miaka ishirini na sita ya kushona hakutokea mtu wa kumrudishia suruali wala gauni akilalamika kwamba pindo limefumuka. Mumewe alikwisha kufariki. Mwanawe wa pekee alioa, akapata kazi mbali, na sasa alimpigia simu kila Ijumaa, mazungumzo ya dakika nne, tatu kati ya hizo zikiwa za mvua na jua. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, cherehani dirishani, na kile chumba cha mwana kilikuwa kimekaa bure. Mama Pindo hapendi kitu kikae bure, hata kiwe kipande cha kitambaa. Basi akaenda ofisi ya ustawi wa jamii kujiandikisha kuwa mama mlezi. Akahudhuria mafunzo yao ya wiki sita, akakaguliwa choo, jiko na tabia, akangoja miezi, na Alhamisi moja akaletewa mtoto.

Alikuwa msichana wa miaka tisa. Mama mzazi alikwisha kufa, baba hajulikani aliko, na hii ilikuwa nyumba yake ya nne ya kulelewa. Katika zile tatu za kwanza hakuna aliyemfanyia ubaya. Wa nyumba ya kwanza walijaliwa mapacha wakazidiwa, wa pili walihamishwa kikazi, na mama mlezi wa tatu aliugua figo. Kila mtu alikuwa na sababu nzuri, na mtoto akabaki na begi lake.

Hakuwa mkorofi. Laiti angekuwa mkorofi, maana mkorofi unajua pa kumshika. Huyu alikula alichopewa, akaosha sahani kabla hajaambiwa, akajibu ndiyo, hapana na asante, basi. Wiki ya kwanza ikapita Mama Pindo hajasikia kutoka kwake sentensi yenye maneno manne. Kwa utani akaanza kumwita Chiriku, kama yule ndege asiyefunga mdomo, na jina likamganda. Mtoto hakucheka wala hakukataa.

Sasa, kule kwenye mafunzo kulikuwa na jambo moja lililomwingia Mama Pindo moyoni na kumkaa. Waliambiwa kwamba watoto wa namna hii hawakosi chakula na kitanda tu. Wanakosa utoto wenyewe. Unaweza kukuta mtoto wa miaka kumi hajawahi kuona mnyama zaidi ya paka, hajawahi kupuliza mshumaa wa keki, hajui kuelea majini wala kushika brashi ya rangi. Ofisi ilikuwa na mpango wake kwa ajili hiyo: tiketi za bustani ya wanyama, za maonyesho, nafasi kwenye madarasa ya kuchora na ya kuogelea. Wazazi walezi wengi walichukua fomu wakazisahau kabatini. Mama Pindo aliupokea mpango ule kwa mikono miwili.

"Utamtoa mtoto pumzi," akaambiwa na msusi wa mlango wa pili, shoga yake wa miaka mingi, ambaye alisuka nywele za watu huku akisuka na habari zao. "Miaka tisa yote unataka kuijaza kwa mwezi mmoja?"

"Nani atamjazia kama si mimi?"

"Haya. Mimi na wewe tulikua bila twiga na tuko wazima."

"Wewe mzima?" Mama Pindo akamuuliza, na msusi akacheka mpaka kitana kikamdondoka.

Jumamosi iliyofuata wakaenda bustani ya wanyama. Chiriku alitembea kwa adabu kutoka ua hadi ua, akisoma vibao kwa sauti ya chini, mpaka walipomkuta twiga anakunywa maji. Twiga akapanua miguu ya mbele hivi, akashusha shingo, akashindwa, akaipanua tena. Mtoto akacheka. Kilikuwa kicheko cha ghafla, cha kupasuka, hata yeye mwenyewe kilimshtua akafunika mdomo. Mama Pindo aligeukia pembeni akajifanya anatafuta leso. Siku hiyo alirudi nyumbani kifua mbele, akaona kwamba kazi hii anaiweza.

Jumapili asubuhi akaamka kuchemsha chai, akamkuta mtoto sebuleni. Amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, amevaa nguo za kutokea, viatu miguuni, begi limefungwa na kupakatwa magotini.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Sijui."

Hapo Mama Pindo alihisi kitu kimemchoma. Alidhani mtoto anataka kutoroka, kwamba pamoja na twiga na soda na kila kitu hapapendi hapa. Hakumgombeza. Alimwambia avue viatu anywe chai, naye akavua, akanywa, akaenda kutoa nguo zake begini moja moja bila kinyongo.

Wiki ya tatu wakaenda kuangalia vikaragosi. Kesho yake, mlangoni, begi. Mama Pindo akamweleza shoga yake kwa sauti ya mtu aliyeshindwa.

"Mtoto hanipendi."

"Mpe muda. Kwani wewe ulinipenda siku ya kwanza?"

"Wewe sikupendi mpaka leo. Nakuambia ukweli, nikimfanyia jema ndiyo anafunga begi. Siku za kawaida hana neno."

Na yote aliyohitaji kujua yalikuwa ndani ya sentensi hiyo aliyoisema mwenyewe, ila hakuisikia.

Ikafika siku ya kuzaliwa. Mama Pindo alioka keki, ikapanda upande mmoja ikabonyea upande wa pili, akaizibia pengo kwa sukari nyeupe jinsi fundi anavyoficha kosa kwa ua la kutarizi. Msusi akaja na mishumaa kumi. Wakaimba, wakapiga makofi. Mtoto alisimama mbele ya ile keki, kisu mkononi, na hakukata. Mishumaa ikaanza kuchuruzika juu ya sukari.

"Puliza basi, Chiriku."

Akaweka kisu mezani taratibu.

"Gari linakuja saa ngapi?"

"Gari gani?"

"La kunichukua," mtoto akasema. "Mimi siyo mdogo. Niambieni tu."

Jumatatu Mama Pindo hakufungua cherehani. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa afisa wa ustawi, yule yule aliyemleta mtoto. Alikuwa mama wa makamo mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, nyuma ya meza iliyojaa mafaili hadi pa kuweka kikombe hapakuwepo. Mama Pindo akamsimulia yote, kuanzia twiga mpaka keki. Afisa alikuwa akiandika. Katikati ya maelezo akaacha kuandika.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe umefanya nini?"

Afisa akafungua faili, akamgeuzia ukurasa. Ilikuwa fomu ya kumhamisha mtoto. Juu kabisa palikuwa na sababu ya kuhama. Chini yake mstari ulioandikwa: siku ya kumfurahisha mtoto, tarehe. Na chini ya huo: siku ya kuhama, tarehe. Tarehe hizo mbili zilifuatana, leo na kesho. Fomu tatu, na zote tatu zilijazwa hivyo hivyo.

"Zamani tulikuwa tunawachukua tu," afisa akasema. "Tunafika na gari, mtoto anatolewa kwenye hesabu zake za shule, anapakiwa. Nikasema hapana, jamani, angalau siku moja kabla mtoto apelekwe mahali, ale kitu kitamu, acheke. Aondoke na kumbukumbu nzuri. Wakubwa wangu wakaipenda. Nikaandikiwa barua ya pongezi."

Mama Pindo alikuja na maneno makali, ameyapanga njia nzima. Akayatazama macho yale mekundu na maneno yakamwishia.

"Mmemfundisha kuiogopa keki," akasema tu.

Afisa alichukua kalamu, akaukata ule mstari kwenye fomu zilizo tupu mezani pake, moja baada ya nyingine.

Jioni hiyo Chiriku alikuwa sakafuni akiokota pini kwa sumaku, kazi aliyojipa mwenyewe. Mama Pindo akashuka kwenye kiti chake, akakaa chini naye, magoti yakalia.

"Nisikilize vizuri. Nyumba hii, tukienda kutembea, tumekwenda kutembea. Tukila keki, tumekula keki. Hakuna gari nyuma yake. Na siku ikitokea kwamba lazima uondoke, maana mimi siwezi kukuapia kwamba haitatokea, nitakuambia mimi, kwa mdomo wangu, mapema. Siyo jana yake. Umesikia?"

"Ndiyo."

"Unaniamini?"

Mtoto akafikiri. "Hapana," akasema, na akaendelea kuokota pini.

Basi Mama Pindo akaona maneno hayatamsaidia. Yeye ni fundi, na fundi akikuta mshono mbaya hasemi nao, anaufumua uzi kwa uzi. Mtoto alizoea kwamba raha ni kitu cha mara moja, cha kuagia. Dawa yake ni raha ya kila wiki, ile ile, saa ile ile, mpaka ichoshe. Akaenda kumwandikisha darasa la kuogelea, kila Jumamosi saa nne asubuhi.

Bwawa lilikuwa la zamani, vigae vimebanduka pembeni, maji yananuka dawa. Kocha alikuwa kijana mwenye filimbi na kitambi cha mapema, ambaye hakumpigia mtoto kelele hata mara moja. Waliokuwa wanaanza walivaa kofia za mpira nyekundu. Aliyeweza kuvuka bwawa kwa upana, bila kugusa chini, alipewa kofia ya bluu mbele ya wenzake wote. Na aliyeishia njiani kocha alimwambia neno lile lile kila siku: hujashindwa, bado hujamaliza tu, asiyemaliza anarudi Jumamosi ijayo. Watoto walilijua hilo neno kwa moyo, wakawa wanamwigiza wakiwa bafuni.

Jumapili iliyofuata Jumamosi ya kwanza, begi lilikuwa mlangoni. Mama Pindo akamimina chai. Jumapili ya pili, begi. Ya tatu, begi. Ya tano mtoto alikuwa amesahau kuweka mswaki. Ya saba alivaa viatu tu, begi likabaki chumbani. Ya nane alikaa kwenye kile kiti peku, akatazama mlango, akapiga miayo, akauliza kama kuna mkate. Na Jumapili ya tisa Mama Pindo aliingia sebuleni akakuta kiti kitupu. Akatembea kwa ncha za vidole mpaka mlango wa chumba. Chiriku alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mguu mmoja nje ya shuka, na jua limekwisha kufika kwenye mto. Mama Pindo aliegemea mwimo wa mlango akalia kimyakimya, akiwa ameuma upindo wa kanga yake, asije akamwamsha.

Tangu hapo mtoto alianza kuwa mtoto. Alivunja glasi akakana. Alijibishana na msusi kuhusu mtindo wa nywele, akashinda. Alipeleka shuleni kwake uongo kwamba ana kaka mwanamaji, akakamatwa. Mama Pindo alimgombeza kwa furaha isiyo kifani. Na kwenye maji, mwenzangu, yule mtoto alikuwa samaki aliyecheleweshwa. Mwezi wa nane wa darasa alikuwa anavuka upana wa bwawa wakati wa mazoezi, mara mbili mfululizo, bila kutweta. Kocha akapanga Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa tisa kuwa siku ya kuvuka rasmi.

Simu ya afisa iliingia Jumanne ya wiki hiyo hiyo.

Mama mdogo wa mtoto amepatikana. Ni mdogo wa marehemu mama yake, tumbo moja, mkunga wa zahanati, anaishi safari ya siku nzima kutoka hapo. Miaka miwili alikuwa akimtafuta mtoto wa dada yake kwenye ofisi zisizohusika, na alipoambiwa yupo hai na anasoma alilia kwenye simu mpaka afisa naye akalia. Ana nyumba, ana kazi, amekaguliwa. Mahakama imeamua. Sheria inasema ndugu kwanza. Gari litakuja Jumatatu.

"Jumatatu hii?"

"Mama mdogo amepewa ruhusa kazini kwa siku hizo tu, Mama. Nimeomba wiki moja zaidi, nimekataliwa."

"Jumamosi mtoto anavuka bwawa."

Wote wawili waliliona lile jambo lilivyokaa: siku ya furaha, kisha gari. Leo na kesho kutwa. Miezi tisa ya kufumua, na mshono uko pale pale.

"Afadhali asiende," afisa akasema kwa sauti ndogo. "Tutakuwa tumerudi kulekule."

"Na nisipompeleka nimemnyima alichokihangaikia. Kwa lipi?"

"Sijui, Mama. Kweli sijui."

Mama Pindo alimwona mama mdogo kwa mawazo, mwanamke wa watu, asiye na kosa, akitandika kitanda huko mbali. Alijaribu kumchukia akashindwa. Alikuwa na wivu, hilo alilikiri, wivu wa kumkausha mate. Tangu siku ya kwanza alijua kwamba mtoto wa kulea si wake. Kulijua jambo ni kitu kimoja, na kuliona linapiga honi nje ya mlango wako ni kitu kingine.

Lakini aliahidi. Jumanne hiyo hiyo, mtoto alipotoka shule, kabla hajavua sare, akamketisha akamwambia yote. Mama mdogo ni nani, anakaa wapi, kwamba wanafanana paji la uso kwenye picha. Kwamba gari ni Jumatatu. Kwamba kanuni ya ofisi hairuhusu mama mlezi kwenda kumtembelea mpaka atulie huko, na hakuna anayejua kutulia kutachukua muda gani.

Chiriku alisikiliza akiwa amekunja soksi moja mkononi.

"Huko kuna bwawa?"

"Sijui."

"Jumamosi nitaenda?"

"Ukitaka. Usipotaka tutakaa hapa tu, tufue."

"Nataka," mtoto akasema, akaenda kubadili nguo. Mama Pindo alishusha pumzi. Alijiambia kwamba safari hii ni tofauti, kwamba ukweli umesemwa mapema na mtoto ameupokea. Mtu mzima akitaka kujidanganya hakosi maneno. Hata kocha, Mama Pindo hakumwambia kitu, asije akamharibia mtoto siku yake kwa huruma.

Jumamosi msusi alifunga saluni akaja kushuhudia. Walikaa kwenye benchi la saruji, mikoba magotini. Watoto wanane walijaribu mmoja mmoja, wanne wakapata kofia za bluu, wanne wakaambiwa wao bado hawajamaliza tu. Chiriku akawa wa mwisho. Filimbi ikalia, akajitupa. Alikwenda vizuri, mikono mirefu, kichwa kikitoka na kuingia kwa mpangilio. Akapita katikati. Akapita robo tatu. Msusi alikwisha kusimama. Zikabaki hatua mbili za mtu mzima kufika ukutani, na hapo mtoto akaacha kupiga miguu, akasimama. Maji yalimfika kifuani.

Wenzake wakapiga makofi kumtia moyo. "Malizia, malizia." Yeye alisimama tu, mikono imeelea pembeni.

"Umechoka?" kocha akamuuliza, akachuchumaa ukingoni. "Hakuna neno. Hujashindwa."

Watoto wote wakamalizia pamoja naye kwa kelele, kwamba asiyemaliza anarudi Jumamosi ijayo. Chiriku akageuza kichwa. Akamtafuta Mama Pindo kwenye benchi, akamwona, akatabasamu mpaka magego.

"Maskini, pumzi imemkata," msusi akasema.

Mama Pindo alichukua taulo akasimama. Alikwisha kumwona mtoto yule akivuka bwawa lile mara mbili kwa pumzi moja.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alimfuta nywele kwa taulo, kwa nguvu kuliko kawaida.

"Hukuchoka wewe."

"Sikuchoka."

"Turudi ukamalize sasa hivi. Kocha bado yupo, nitamwomba."

"Sitaki." Mtoto akashika benchi kwa mikono miwili, kama mtu angemvuta. "Kocha kasema nirudi Jumamosi. Wote wamesikia. Hata wewe umesikia."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mama Pindo alijua. Neno lilikuwa moja tu, kwamba gari ni Jumatatu, nalo alikwisha kulisema Jumanne, ingekuwa kulirudia tu. Alifungua kinywa, akauona ule uso mdogo wenye maji, umejaa hesabu yake iliyotoka sawasawa, na hakuweza. Mwoga, alijiita moyoni. Mwoga mkubwa.

"Vaa viatu," akasema.

Jumapili alikuta kiti cha mlangoni kitupu. Mtoto alilala mpaka saa tatu. Alipoamka alikunywa chai, akatoka kwenda kwa msusi kuchezea vitana. Begi lilikuwa limening'inia msumarini, bapa, halina kitu. Kwa hiyo Mama Pindo alilishusha mwenyewe. Akakunja magauni aliyoyashona kwa mkono wake, sare, soksi, vazi la kuogelea ambalo lilikuwa bado na unyevu. Miezi ile ya mwanzo alikuwa akiomba Mungu mtoto huyu aache kufunga begi. Ameacha, na sasa analifunga yeye. Alikaa kitandani nguo zikiwa mapajani, akalia kwa sauti, maana ndani hapakuwa na mtu wa kumwamsha.

Jumatatu saa tatu gari likasimama nje. Afisa alishuka peke yake. Mama mdogo alikuwa amebaki ofisini akiweka sahihi makaratasi, hakuthubutu kuja, aliogopa kumwondoa mtoto mikononi mwa mtu. Chiriku alikuwa kibarazani, amechanwa nywele, amevaa gauni la manjano. Begi alikuwa amelishika Mama Pindo.

"Shikamoo," mtoto akasema.

"Marahaba, mwanangu. Tayari?"

"Jumamosi nina kuogelea saa nne," Chiriku akasema. Alisema haraka, kama shairi la darasani. "Bado sijamaliza. Kocha kasema asiyemaliza anarudi. Kwa hiyo naenda kwa mama mdogo, nakaa, halafu Jumamosi unanileta. Ukichelewa kidogo si kitu, mimi huwa wa mwisho."

Afisa akamtazama Mama Pindo. Kisha akamtazama mtoto, na uso wake ukaanza kupanga ule upole wa kazini. "Sawa, mpenzi wangu," akaanza, "tuta..."

"Hapana," Mama Pindo akasema.

Akaweka begi chini. Magoti yalimlia tena, akapiga magoti hivyo hivyo kwenye saruji, uso kwa uso na mtoto.

"Hutakuja Jumamosi. Nilitakiwa nikuambie juzi pale pale bwawani, nikaogopa. Hutakuja Jumamosi hii, wala ile ya pili yake. Ni mbali, na hawaruhusu. Ungemaliza au usingemaliza, gari lingekuja leo. Wewe hukukosea kitu. Ulifanya vizuri sana na haikusaidia."

Chiriku alimtazama. Mdomo ukaenda huku na huku. Halafu uso ukakunjika wote kwa pamoja na akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, makamasi na machozi yakichanganyika, akijitupa kifuani kwa Mama Pindo na kumshika gauni mgongoni kwa ngumi mbili. Alisema sitaki, sitaki, mpaka neno lenyewe likakosa umbo. Msusi alitoka mlangoni kwake na kitana mkononi akabaki amesimama.

Afisa alikuwa amekauka pale pale, funguo za gari mkononi.

"Huyu huwa halii," akasema, kana kwamba amekabidhiwa mtoto asiye yeye. "Mara zote tatu nimemhamisha mimi mwenyewe. Hajawahi kulia."

Mama Pindo hakumnyamazisha mtoto. Hakumwambia huko kuzuri, wala kwamba atazoea. Alimkumbatia tu na kumwacha alie. Simu ya afisa ikaita, ikaita tena. Afisa akaizima bila kuangalia ni nani, akaketi kwenye ngazi ya kibaraza kando yao, akangoja.